Upendo wa Mungu Mbele ya Mtutu wa Bunduki

Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Februari, ofisi za serikali katika Uganda hufungwa, na wananchi hupata nafasi ya kupumzika au kusali. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 2015. Lakini msomaji wetu avaaye magwanda anajua ya kuwa sikukuu haimfungulii askari lango la kambi. Mlinzi husimama langoni, polisi husimama barabarani, na wa zamu ya jikoni huamka saa kumi za usiku kuwasha moto kama siku nyingine yoyote. Ilikuwa katika siku kama hiyo, miaka kadhaa iliyopita, askari mmoja kijana wa zamu ya kota gadi alipotupigia saluti, kisha akatuuliza: "Afande, huyu Luwum ambaye raia wamelala kwa ajili yake na sisi tunakesha, alikuwa nani hasa? Mwanasiasa?"

Tulimjibu kwa ufupi kwamba alikuwa Askofu Mkuu aliyeuawa wakati wa Amin, tukaenda zetu. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Tangu siku ile swali lake halikutuacha, maana kadiri tulivyolichunguza ndivyo tulivyoona ya kuwa habari hii si ya maaskofu peke yao. Ni habari ya askari vilevile. Kila mahali ambapo askofu alisimama, palikuwapo na askari aliyesimama karibu naye akiwa na bunduki. Majina ya maaskofu yameandikwa vitabuni. Ya askari wale hayakuandikwa, na huenda ni afadhali kwa jamaa zao.

Basi leo tunapenda kumjibu kijana yule sawasawa.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, upande wa Kitgum. Utotoni alichunga mifugo, na baadaye akawa mwalimu wa shule. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka. Neno hilo, kuokoka, katika nchi zetu hizi lina historia yake. Katika miaka ya 1930 palitokea uamsho huko Gahini, nchini Rwanda, ukavuka mpaka na kuingia Kigezi, ukaenea Buganda, ukafika Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na jina hilo mwanzoni lilikuwa la dhihaka. Jambo lililowashangaza watu juu yao halikuwa nyimbo zao wala machozi yao. Lilikuwa kwamba mtu aliyeokoka alikwenda kwa jirani aliyemwibia akarudisha kile alichokiiba, na kwa yule aliyemchukia akamwambia wazi wazi ya kuwa alikuwa akimchukia, akaomba radhi. Mtu aliyesema kwamba Mungu amempenda alitakiwa aonyeshe alichofanya na upendo huo kabla jua halijatua. Twakiri ya kuwa wengine walizidisha, wakataja hadharani dhambi ambazo ingalikuwa heri kuziungama faraghani. Lakini chimbuko lilikuwa jema, na kutoka chimbuko hilo ndiko alikotoka Luwum.

Alipata ukasisi mwaka 1956, akawa Askofu wa Uganda ya Kaskazini mwaka 1969, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Msomaji na azitazame tarehe hizo vema. Mapinduzi ya kijeshi yalitokea tarehe 25 Januari 1971, na katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa ndani ya kambi zao wenyewe, na walioua ni askari wenzao, watu waliokuwa wamekula nao katika meko moja. Kwa hiyo wajane waliokuja kulia mlangoni kwa askofu walikuwa wajane wa askari. Alipokwenda katika ofisi za usalama kuuliza habari za mtu aliyechukuliwa, mara nyingi aliuliza habari za mtu mwenye namba ya jeshi. Wale waliokuwa wakimwona akirudi katika ofisi zile mara kwa mara walidhani anajipendekeza kwa watawala, na wengine katika Kanisa lake walimlaumu kwa hilo. Yeye aliendelea kwenda.

Mwaka 1976 alikaa pamoja na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu kuzungumzia hali ya usalama wa raia. Tunalitaja jambo hilo makusudi, kwa sababu katika safu zetu Mkristo na Mwislamu hulala katika hema moja, na isije ikadhaniwa ya kuwa habari hii ni ya kuwapambanisha.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, askari walifika nyumbani kwake Namirembe kutafuta silaha. Walimwekea mtutu wa bunduki tumboni, wakapekua vyumba vyote, hawakupata kitu. Askofu aliwaeleza ya kuwa pale hapakuwa na silaha, na kwamba kazi yao katika nyumba ile ilikuwa kuomba, na miongoni mwa waliowaombea ni Rais mwenyewe na majeshi ya usalama. Hebu mpiganaji msomaji ajiweke katika nafasi ya askari yule aliyeshika bunduki. Ameamriwa kwenda kwa adui. Amefika. Adui amevaa nguo za kulalia, mke wake yuko hapo, naye anamwambia kwamba jina la kikosi chake hutajwa katika sala za nyumba hiyo. Hatujui askari yule alisema nini aliporudi kambini.

Baada ya siku chache maaskofu walimwandikia Rais barua, wakasema ya kuwa bunduki iliyokusudiwa kumlinda raia wa Uganda na mali yake sasa inatumiwa kumnyang'anya raia huyo huyo uhai wake na mali yake. Kwa maoni yetu, ile ni miongoni mwa barua za maana zilizopata kuandikwa katika nchi hii kuhusu kazi ya askari, na waliyoiandika hawakuwa askari. Haikuwa barua ya matusi. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu, na waliotia saini walijua vema itakakofika.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mawaziri na askari wengi walikusanywa Kampala kwenye uwanja wa jengo la mikutano. Silaha zilipangwa chini zionekane, maandishi ya kuwashtaki yakasomwa, nao maaskofu wakasimama juani. Askari walipoulizwa watu hao wafanywe nini, walipaza sauti kwamba wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda zao, Luwum alizuiwa. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari. Walioiona miili walisema waliona matundu ya risasi. Wasomaji wetu wa polisi wanapaswa kukumbuka kwamba Oryema ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Waliomwua walikuwa wamevaa nguo za serikali ile ile aliyoitumikia.

Mwili wa Luwum haukupelekwa Namirembe ambako kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, bali ulizikwa kwao Mucwini. Jumapili ile watu walikusanyika Namirembe hata hivyo, wakasimama kando ya kaburi tupu wakaimba.

Hapo wengi humaliza habari, nasi siku ile langoni tulimalizia hapo. Lakini miaka minne kabla yake palitokea jambo jingine katika mji wa Kabale, na jambo hilo lawahusu askari zaidi.

Askofu wa Kigezi wakati huo alikuwa Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka 1919. Naye alikuwa mwalimu, tena miaka mingi alifundisha Dodoma huko Tanganyika, na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, si hiki chetu cha kota gadi. Aliokoka mwaka 1941. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia sana, amwombe radhi. Naye alikuwa na sababu za kumchukia, maana siku zile Mwafrika hakukosa sababu. Alikwenda hata hivyo.

Tarehe 10 Februari 1973, watu waliotuhumiwa kuwa wapiganaji wa siri waliuawa hadharani katika miji mbalimbali ya Uganda. Katika Kabale walikuwa watatu. Raia waliamriwa kufika uwanjani, na Kivengere aliyaeleza baadaye aliyoyaona: watu wapatao 3,000 wamesimama kimya, hakuna anayesema na mwenzake. Yeye alikuwa ameomba ruhusa ya kusema na wale watatu kabla hawajafa, akaipata. Lori lilifika, wakateremshwa wakiwa na pingu mikononi na minyororo miguuni, na kikosi cha kupiga risasi kikasimama tayari.

Askofu aliwaendea kwa nyuma, akifikiri moyoni aseme nini. Mtu aambiwe nini ambaye amebakiwa na dakika chache? Nao wakageuka, na nyuso zao zilikuwa zinang'aa kwa furaha. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao alianza kusema. Alimshukuru kwa kuja, akamweleza ya kuwa siku ile aliyokamatwa alimwomba Kristo aingie moyoni mwake, akasamehewa, na kwamba sasa hakuna kitu kati yake na Mungu. Akatuma salamu kwa mkewe, asihuzunike, naye pia amfuate Yesu. Wenzake wawili walisema hivyo hivyo, wakainua mikono yao, na pingu zikalia.

Hapo Kivengere alitambua ya kuwa watu waliohitaji kuhubiriwa katika uwanja ule hawakuwa wale watatu. Aliwageukia askari wa kikosi cha risasi, akawatafsiria maneno ya wafungwa katika lugha waliyoifahamu.

Tunaomba tutue hapa kidogo. Hakuitaja lugha hiyo kwa jina, lakini sisi tuliolelewa katika kambi twaona vigumu kufikiri ya kuwa ilikuwa nyingine isipokuwa Kiswahili. Ndicho kilichokuwa lugha ya majeshi ya Uganda tangu enzi za King's African Rifles, nacho ndicho kilichokuja kuchukiwa na raia wengi, kwa sababu mwananchi wa Masaka au wa Soroti alikisikia kutoka kwa mtu aliyekuja kumwamuru alale chini au atoe saa yake ya mkono. Wako wazee mpaka leo ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili barabarani hushtuka kwanza ndipo waitike. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, lakini Katiba haiwezi kumwondolea mzee mshtuko wake. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaokisema. Basi kama tunavyoamini, lugha iliyotumika kutoa amri katika uwanja ule wa Kabale ndiyo iliyotumika vilevile kuwaambia askari kwamba wale watu hawana kinyongo nao.

Asema Kivengere ya kuwa askari walipigwa na bumbuwazi. Kila aliyepitia kazi hii anajua utaratibu: mtu wa kuuawa hufunikwa uso. Watu husema ni kwa ajili yake asione. Wenye kuijua kazi wanafahamu ya kuwa ni kwa ajili ya mwenye bunduki vilevile. Askari wale walisahau kuwafunika. Wale watatu walisimama karibu karibu, wakawatazama watu, wakapunga mikono yenye pingu, na watu wakawapungia. Kisha risasi zikalia.

Tumeuliza katika nafsi yetu mara nyingi: askari wale walilala vipi usiku ule? Waliwaza nini wakisafisha silaha zao? Walipiga shabaha nyuso zilizo wazi, nyuso za watu wasiowachukia. Askari huweza kuvumilia chuki ya adui, kwa kuwa chuki humrahisishia kazi. Asichofundishwa popote, wala sisi hatukufundishwa katika chuo cha maafisa, ni namna ya kusimama mbele ya mtu anayemwombea. Hatusemi haya kwa kuwahukumu. Walikuwa chini ya amri, katika serikali iliyoua waliokataa amri, nasi hatukuwapo. Tulizaliwa miaka mingi baadaye. Lakini mwenye kuliepuka swali hili kwa sababu hakuwapo, siku yake ikifika atakuwa hana jibu.

Turudi kwa Kivengere. Siku ya tarehe 16 Februari 1977 naye alikuwamo miongoni mwa maaskofu waliosimama juani. Baada ya kifo cha Luwum alionywa ya kuwa zamu yake imefika. Yeye na mke wake, Mera, waliondoka Kabale kwa gari usiku, kisha wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka kuingia Rwanda kulipopambazuka.

Katika ukimbizi huo alikutana na adui ambaye hakumtazamia. Alikuwa amehubiri upendo kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa aliona chuki inaota ndani yake. Alimchukia Amin. Kila habari mpya iliyotoka nyumbani ilikuwa kuni katika moto huo, na aliona ya kuwa sala zake zimekuwa kavu. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1977, akiwa kanisani London, alifikiri juu ya Yesu msalabani akiwaombea msamaha wale waliompigilia misumari. Ndipo alipojiuliza: ikiwa Amin angalikuwa mmoja wa wale askari wa msalabani, je, Yesu angalimruka katika sala ile? Aliona ya kuwa asingalimruka, na kwamba basi yeye Kivengere hakuwa na ruhusa ya kumruka. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo cha Kiingereza ambacho jina lake tu liliwakasirisha watu wengi, maana maana yake ni kwamba anampenda Idi Amin.

Wakimbizi wenzake wengine waliona kuwa ni matusi kwa wafu. Nasi twakubali ya kuwa lilikuwa neno gumu, na mtu ambaye baba yake hakurudi nyumbani ana haki ya kulikataa. Lakini kitabu hakikusema ya kuwa Amin hakukosa. Kivengere aliendelea kuyataja mauaji kila alikokwenda, kwa tarehe na kwa mahali, akakusanya misaada kwa wakimbizi, wala hakuacha kusema ya kuwa utawala ule ni mwovu. Alichokikataa ni kuibeba chuki. Katika kazi yetu tofauti hiyo yapasa ieleweke vema, kwa kuwa polisi anayemkamata mwuaji hakuambiwa amsifu, wala hakimu hakuambiwa afunge faili. Mtu huweza kufungwa pingu na mtu asiyemchukia. Pingu hazikazwi zaidi kwa chuki, ila mkono ndio huumia.

Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka Kivengere alirudi nyumbani, na hapo likadhihirika jambo alilokuwa akiliogopa. Katika Oktoba 1980 majeshi ya serikali iliyofuata yaliingia West Nile, alikotoka Amin, yakalipiza kisasi kwa raia ambao wengi wao kosa lao lilikuwa mahali walipozaliwa. Watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Askari wengi waliofanya kisasi kile walikuwa ni ndugu na watoto wa wale waliouawa kambini mwaka 1971. Walikuwa na uchungu wa kweli, na uchungu wa kweli uliopewa bunduki ndio uliochoma vijiji vile. Hapo ndipo tulipoelewa ya kuwa kitabu kile kidogo hakikuwa maneno laini ya mhubiri. Kilikuwa onyo kwa majeshi, lililotolewa miaka mitatu kabla ya ajali. Kivengere aliendelea kuhubiri upatanisho mpaka alipofariki mwaka 1988. Amin alifariki ugenini huko Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003.

Wako askari watakaosema: Afande, haya ni ya maaskofu. Wao hawana bunduki. Sisi tunayo, na adui hatuombei radhi. Ni pingamizi la haki. Lakini Injili yenyewe haiwakimbii askari. Imeandikwa katika Luka ya kuwa askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wao wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu kwa uongo, tena watosheke na mshahara wao. (Hili la mwisho tunaliona ndilo zito kuliko yote, nasi hatutaki kulizungumza mwishoni mwa mwezi.) Maneno matatu hayo yakichukuliwa mpaka katika kizuizi cha barabarani, katika kituo cha polisi, na katika chumba cha mahabusu, upendo wa Mungu huwa si wimbo tena. Mahabusu amepewa maji au hakupewa. Jina lake limeandikwa katika kitabu au halikuandikwa. Mama aliyekuja kuuliza habari za mwanawe ameambiwa kweli au amefukuzwa. Luwum alikuwa akiuliza maswali ya namna hiyo hiyo katika ofisi zile, na kwa kuyauliza aliuawa.

Isidhaniwe ya kuwa tunaandika haya kwa kuwa tumeyafaulu. Tulipokuwa luteni wa pili, miezi michache tu baada ya chuo cha maafisa, tulisimamia kizuizi katika barabara moja ya magharibi. Kijana wa bodaboda alichelewa kutoa karatasi zake, kisha akacheka na abiria wake kwa lugha ya huko tusiyoijua. Tulidhani anatucheka sisi. Tulimpiga kofi mbele ya watu na mbele ya askari wetu. Akatoa karatasi, zilikuwa sawa, akaenda zake.

Sajini wetu, mtu mzima aliyeokoka, hakusema neno mbele ya askari. Jioni alitujia akaomba ruhusa ya kusema, akauliza: "Afande, kofi lile lilikuwa la kazi?" Tulimkumbusha cheo chake. Akajibu, "Ndiyo, afande," akapiga saluti, akaondoka. Siku zilizofuata alitutumikia kwa bidii ile ile, chai yetu ililetwa kwa wakati, wala hakutununia. Hilo ndilo lililotushinda. Kama angalitununia tungalimwona mkaidi, na neno lingaliisha.

Yapata majuma matatu tulimwita, tukamwambia tunataka kwenda kwa yule kijana, pengine siku ya Jumapili tukiwa na nguo za kiraia. Sajini akafikiri, akasema: "Afande, ulimpiga ukiwa na magwanda." Basi tukaenda na magwanda.

Vijana wa bodaboda walipotuona tunafika kituoni pao walisimama wote, wawili wakawasha pikipiki. Yule kijana alitutambua mara moja. Tulisema naye kwa Kiswahili, tukamwomba radhi. Hakutuelewa. Alitia mkono mfukoni akatoa noti, akatunyoshea, maana alidhani tumekuja kuchukua pesa.

Hatujapata kuona aibu kama ile, wala paredini wala mbele ya wakubwa. Mzee mmoja miongoni mwao, ambaye tuliambiwa aliwahi kuwa askari, ndiye aliyetusaidia. Alimweleza kijana maneno yetu kwa lugha yao, polepole, na ilichukua muda mrefu kuliko tulivyosema sisi, hata tukashuku ya kuwa anaongeza yake. Kijana alitutazama, akamtazama sajini aliyesimama nyuma yetu, akairudisha noti mfukoni. Akasema yamekwisha. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kidogo kama kizuizi kitakuwapo kesho.

Tukamwambia kitakuwapo.